Wanunuzi wa shanga hawakuwa wajinga

Karibu kila aliyesoma historia katika shule zetu amewahi kuandika sentensi hii daftarini: wageni walileta shanga, vioo na nguo, wakaondoka na dhahabu, pembe za ndovu na watumwa. Mwalimu akifika hapo hutikisa kichwa, darasa huona aibu, somo likaendelea. Mwanafunzi hutoka na picha ya babu yake akimkabidhi mgeni jino la tembo linalobebwa na wanaume wawili, ili naye apewe vipande vya kioo vinavyoenea kwenye kiganja. Picha hiyo naichukia. Naichukia kwa sababu ni ya uongo, na kwa sababu imetufanya tuone haya mbele ya kitu ambacho wazee wetu walikijua kuliko walivyokijua waliokileta.

Tumsikilize kwanza mtu aliyelazimika kuzinunua. Henry Morton Stanley alifika Unguja Januari 1871, ametumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta David Livingstone. Fedha alikuwa nazo. Kilichomsumbua ni kwamba bara halikuwa na haja na fedha zake. Lilitaka nguo, waya za shaba, na shanga, tena shanga za aina fulani tu. Katika kitabu chake cha mwaka 1872, How I Found Livingstone, anasimulia alivyofundishwa somo hilo na wafanyabiashara wa Unguja. Ushanga mweusi ni fedha halali Ugogo, lakini kwingine hauna kazi. Sungomaji, ushanga mkubwa mfano wa yai, unapokewa Ujiji na Uguha, lakini ukienda nao nchi nyingine utarudishiwa. Ushanga mweupe ulioitwa merikani unafaa Ufipa na sehemu za Usagara na Ugogo. Ukiupeleka Uzigua au Ukonongo utadharauliwa.

Ikabidi akae apige hesabu. Watu 100 watahitaji khete 50 za shanga kwa siku ili wale. Safari huenda ikachukua miaka miwili. Njia itapita nchi zipi, na kila nchi inataka rangi gani? Mwisho alinunua aina 11, zikajaa magunia 22, zikafungwa tayari kuvushwa kwenda Bagamoyo. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya haki. Kama angekosea rangi, wapagazi wake wangepanda milima ya Usagara wakibeba kioo kisichoweza kununua hata kibaba cha mtama.

Sasa niulize: katika biashara hiyo, nani anamwogopa nani? Nani anayechagua, na nani anayebahatisha? Mama wa Kigogo aliyekaa kando ya kapu lake la mtama hakuwa amepumbazwa na kumetameta kwa kioo. Alikuwa na orodha yake kichwani, na aliyekuja na kitu kisichokuwamo aliondoka na njaa yake.

Richard Burton, aliyeipita njia hiyo hiyo na John Speke kuanzia mwaka 1857, aliacha maelezo marefu zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 juu ya nchi za maziwa anasema Unguja palikuwa na aina zipatazo 400 za shanga, kila moja na jina lake, bei yake na mahali inapopendwa. Alizitaja kwa majina aliyoyasikia pwani na bara: sofi, mrefu kama kipande cha mtutu wa kiko uliovunjika; gulabi, wa rangi ya waridi; bubu, mweusi; sungomaji; na samesame, mwekundu kama marijani, uliokuwa juu ya zote. Samesame ulikuwa na majina ya kupanga pia. Moja lilimaanisha kwamba unamaliza chakula, kwa kuwa mtu angetoa mlo wake aupate. Jingine lilikuwa kivunja mji. Burton alieleza kwamba wanawake wangejifilisi, wawafilisi na waume zao, kwa ajili ya ushanga huo.

Maelezo hayo ya Burton yamerudiwa sana, na daima kwa kuwacheka wanawake. Mimi nayasoma kwa namna nyingine. Yanatuambia ni nani aliyekuwa hakimu wa soko. Tajiri wa Unguja aliyeagiza shehena, nahodha aliyeileta, fundi wa Ulaya aliyeyeyusha mchanga kuwa kioo, wote walisubiri hukumu ya wanawake wasiopata kuwaona. Mwanamke wa Unyamwezi akisema rangi hii imepitwa, imepitwa. Shehena nzima ingebaki ghalani Unguja mpaka iuzwe kwa hasara.

Na tusidhani shanga zilikuwa pambo tu. Ziliuzwa kwa kipimo kinachojulikana: khete, kisha khete 10 zikafanya fundo, na magunia yake yakapimwa kwa frasila kama karafuu. Mmisionari Edward Hore, aliyefika Ujiji mwaka 1878, alikuta pale soko lenye shanga kama fedha za matumizi ya kila siku, na wabadilishaji fedha waliokuwa wakiweka kiwango cha shanga dhidi ya nguo. Msafara ukiingia na mizigo mingi ya nguo, kiwango kinabadilika. Samaki, chumvi, mawese, mihogo, kila kitu kilikuwa na bei yake kwa shanga. Hayo ndiyo mambo ambayo leo tunayaita soko la fedha za kigeni, na yalikuwa yakiendeshwa kando ya Ziwa Tanganyika na watu ambao vitabu vya shule vinawaonyesha wakishangaa vioo.

Mtu atasema: sawa, lakini ushanga haukuwa na thamani kule ulikotoka. Hoja hii ndiyo inayowanasa wengi. Noti ya shilingi 10,000 nayo, kwa karatasi na wino, haina thamani hiyo. Fedha hupata thamani kwa kukubalika, kwa kuwa si rahisi kuitengeneza, kwa kuhesabika, na kwa kudumu. Ushanga wa kioo ulikuwa na sifa hizo zote katika bara ambalo halikuwa na kiwanda cha kuutengeneza. Hauozi, hauliwi na mchwa, haushiki kutu, unagawanyika mpaka punje moja. Hata chumvi, ambayo nayo ilikuwa fedha sehemu nyingi, haikuweza kuvumilia mvua ya masika.

Bara letu halikuanza kuchagua shanga enzi za misafara. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, unaojulikana kama Periplus, unataja bidhaa zilizoletwa pwani hii hadi Rhapta: mikuki, mashoka, visu, na aina kadhaa za mawe ya kioo. Baadaye, kati ya karne ya 7 na ya 10, watu wa Unguja Ukuu kisiwani Unguja na wa Tumbe kisiwani Pemba waliacha shanga ardhini kwa wingi, na waakiolojia wanaendelea kuzichekecha. Nyingine zilitoka India na Sri Lanka, zilizotengenezwa kwa kuvuta mrija mwembamba wa kioo na kuukata vipande vidogo. Nyingine, zilizofika mbali kusini hadi Chibuene katika pwani ya Msumbiji ya leo, kioo chake kinaelekea kuwa cha nchi za Ghuba ya Uajemi. Haya yanajulikana kwa sababu maabara siku hizi huweza kung'oa chembe isiyoonekana kwa macho kwa mwale wa leza na kupima madini yaliyomo. Mchanga wa India una aluminiamu nyingi. Kioo cha Mesopotamia na Uajemi kilichanganywa na majivu ya mimea. Ushanga hausemi uongo juu ya asili yake.

Kuna habari moja ya zama hizo ambayo laiti ingefundishwa darasa la tano. Karibu na mto Limpopo, mahali panapoitwa K2, jirani na kilima cha Mapungubwe, takriban miaka 1,000 iliyopita, mafundi wa Kiafrika walichukua shanga ndogo zilizotoka ng'ambo ya bahari, wakaziyeyusha, wakazimimina katika kalibu za udongo, wakapata shanga kubwa nene kama pipa dogo, za rangi ya samawati na kijani. Kalibu hizo zimepatikana. Watu waliopokea bidhaa ya kigeni hawakuridhika nayo, wakaipeleka motoni na kuifanya yao. Afrika Magharibi ufundi wa namna hiyo haujafa: Wakrobo wa Ghana husaga chupa kuwa unga, huujaza katika kalibu za udongo, na kuuoka mpaka uwe ushanga.

Kisha wakaja Wareno. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498, na mwaka 1505 Wareno walikuwa wamejenga ngome Sofala ili waishike biashara ya dhahabu. Walikuja na shanga za Ulaya wakiamini, kama wanavyoamini waandishi wa vitabu vyetu, kwamba Mwafrika atapokea chochote kinachong'aa. Hazikupokewa. Wateja wa Sofala na bara lake walikuwa wamezoea shanga ndogo za India, walijua ukubwa wake, rangi yake na mng'ao wake, na hawakuwa tayari kuziacha. Wareno, pamoja na mizinga yao, ikabidi waagize shanga Cambay, Gujarat, kutoka kwa watu wale wale waliokuwa wamekuja kuwanyang'anya biashara. Sijui ushahidi mzuri kuliko huo wa nani aliyekuwa na kauli.

Kioo cha Ulaya kilipokuja kushinda, karne kadhaa baadaye, kilishinda kwa kutii. Na hapa lazima twende Venice, kwa sababu sehemu kubwa ya shanga za misafara zilizaliwa huko.

Mwaka 1291 serikali ya Venice iliamuru matanuri ya kioo yahamishiwe kisiwa cha Murano. Kisiwani humo ufundi ukawa siri ya familia. Mwishoni mwa karne ya 15 kukatokea ushanga ulioitwa rosetta: kioo cha rangi mbalimbali, tabaka juu ya tabaka, kikiundwa ndani ya kalibu ya pembe 12, kisha kikavutwa kuwa mrija, kikakatwa na kusagwa ncha zake mpaka nyota ionekane. Samawati, nyeupe, nyekundu, nyeupe tena. Wengi huuhusisha na Maria Barovier, binti wa familia ya mafundi wa kioo, ambaye mwaka 1487 alipewa ruhusa ya kuwa na tanuri lake dogo. Kati ya shanga zote nilizowahi kushika, hakuna inayonifanya ninyamaze kama huo. Fundi anaitengeneza nyota ikiwa nene kama mkono wake, kisha anaikabidhi kwa moto na kwa mwenzake anayekimbia nayo kuivuta, na nyota inapungua bila kupoteza hata pembe moja.

Shanga ndogo zilitengenezwa kwa njia hiyo hiyo ya kuvuta. Bonge la kioo laini lililotobolewa katikati linashikwa na watu wawili kwa vyuma, nao wanaachana mbio katika ukumbi mrefu. Bonge linageuka mrija mwembamba unaolala chini kabla haujapoa, na tundu la katikati linabaki kuwa tundu. Mrija unakatwa vipande, vipande vinachanganywa na mchanga au unga wa mkaa ili matundu yasizibe, vinazungushwa kwenye joto mpaka ncha kali zinyong'onyee. Kisha zinakuja mikononi mwa wanawake.

Wanawake hao waliitwa impiraresse. Walikaa nje ya milango yao katika vichochoro vya Venice, kila mmoja na sinia la mbao lililojaa shanga mapajani, na sindano ndefu nyembamba nyingi zikiwa zimepangwa mkononi kama upepeo. Walizamisha sindano zote kwa pamoja kwenye lundo, zikatoka zimebeba shanga, wakazisukuma kwenye nyuzi. Walilipwa kidogo mno. Mwaka 1904 waligoma kudai ujira bora. Huwawazia sana wanawake hawa, kwa sababu upande wa pili wa njia hiyo hiyo, Unguja na Bagamoyo, shanga zilitungwa tena kwa khete za kipimo cha bara kabla msafara haujaondoka. Mwaka 1883 Joseph Thomson, aliyekuwa akielekea Umasaini, alilazimika kutua Taveta ili shanga zake zitungwe upya kwa urefu ambao Wamasai wangeukubali. Uzi uliofungwa Venice ulikatwa Afrika, kwa sababu mteja alisema si hivyo.

Mteja alisema mengi zaidi. Karne ya 19 wauzaji wa London na Amsterdam walikuwa na kadi za sampuli zenye mamia ya shanga zimeshonewa safu kwa safu, kila moja na namba. Kadi za Moses Lewin Levin, mfanyabiashara wa London, zimo hadi leo katika British Museum. Wengi huziona kadi hizo wakasifu wingi wa bidhaa za Ulaya. Nami hujiuliza wingi huo ulitoka wapi. Kiwanda hakipendi aina 400. Kiwanda kinapenda aina moja, kiitengeneze mamilioni. Aina zilizidi kwa sababu wateja walikuwa wengi, kila mmoja na jicho lake, na hakuna aliyeweza kulazimishwa. Samesame wenyewe ni mfano. Nyingi za shanga hizo nyekundu ni ngozi nyembamba ya kioo chekundu juu ya moyo mweupe. Kioo chekundu safi kilikuwa ghali; moyo mweupe ulipunguza gharama na papo hapo ukaifanya nyekundu iwake zaidi, kwani mwanga hupenya ngozi, hugonga weupe, hurudi. Ukiutazama kwenye tundu lake unauona mpango mzima. Akili yote hiyo ilitumika kuiridhisha rangi nyekundu waliyoitaka watu wa Unyamwezi, Ujiji na kwingineko.

Waafrika si peke yao waliosingiziwa. Wamarekani wengi hukua wakiamini kwamba Wenyeji wa Amerika waliuza kisiwa cha Manhattan kwa shanga. Barua ya Pieter Schagen ya Novemba 1626, ambayo ndiyo habari ya karibu zaidi na tukio, inataja thamani ya gilda 60 na haisemi neno lolote juu ya shanga. Shanga ziliongezwa na wasimulizi wa karne ya 19. Na ni karne hiyo hiyo iliyohitaji kuamini kwamba watu wa Afrika ni watoto. Ukitaka kuchukua nchi ya mtu, inakusaidia kusadiki kwamba hajui thamani ya kitu chochote.

Nisije nikaeleweka vibaya. Simo katika kuitakasa biashara ya misafara. Magunia yaliyopita Bagamoyo yalinunua mtama, na yalinunua pembe, na yalinunua watu. Kuna khete zilizohesabiwa mbele ya mtoto ili mtoto aondoke na mgeni. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na bara misafara ya watumwa iliendelea baada ya hapo. Mwenye kupenda shanga za kale, kama ninavyozipenda mimi, hana budi kukijua hicho na kukaa nacho. Lakini uovu huo haukusimama juu ya ujinga wa kuona kioo kuwa johari. Ulisimama juu ya bunduki, vita vya kutekana, njaa, madeni, na wakubwa waliouza wasiokuwa na wa kuwatetea. Nyangwe, Julai 1871, Livingstone alishuhudia mauaji ya soko lililojaa wanawake waliokuja kuuza na kununua. Hawakuuawa kwa shanga. Waliuawa kwa risasi. Tukisema walirubuniwa kwa shanga, tunawasamehe waliobeba bunduki.

Kosa jingine la aina hiyo liko madukani. Shanga za Venice zenye maua madogo mengi, zinazoitwa millefiori, huuzwa Ulaya na Marekani kwa sifa kwamba zilitumika kununua watumwa waliovushwa Atlantiki. Nyingi kati yake zilitengenezwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wakati biashara hiyo ya Atlantiki ilikuwa imekwisha. Mwuzaji anaongeza bei kwa machozi ya watu ambao ushanga ule haukuwafahamu. Ni aibu, na ingekoma kama wanunuzi wangeuliza mwaka.

Kwa nini basi kitu hiki kinavuta mtu hata leo, wakati plastiki ya kila rangi imejaa Kariakoo kwa bei ya chini? Nadhani jibu la kwanza ni rangi isiyokufa. Kitambaa kinachuja, ua linanyauka, chuma kinapata kutu. Nyekundu ya samesame uliochimbwa kutoka kwenye udongo ni ile ile. Kwa watu walioishi kabla ya rangi za viwandani kuenea, nyekundu inayobaki nyekundu ilikuwa ajabu ya kweli, na nadhani sisi ndio tuliopoteza macho ya kuiona.

Jibu la pili ni mwili. Ushanga hukaa na mtu. Hupata joto lake, jasho lake, mafuta yake. Pwani na sehemu nyingi za bara, mwanamke huvaa utunda kiunoni chini ya nguo, na shanga hizo zina mazungumzo yake ambayo kungwi humfundisha mwali na ambayo si ya gazetini. Umasaini na Usamburuni mama huzishona kwenye ngozi ili ajulikane bintiye yuko hatua gani ya maisha. Wengi hudhani urembo huo umekuwapo tangu Mungu aumbe ng'ombe. Kwa kweli shanga za kioo zilienea sana huko kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Kabla yake chuma na waya vilikuwa na nafasi kubwa zaidi. Leo nyingi ya shanga hizo zinatoka Jamhuri ya Cheki, eneo la Jablonec, ambako kioo kimetengenezwa kwa karne nyingi. Je, hilo linapunguza Umasai wake? Halipunguzi hata chembe. Kama mafundi wa K2, mama wa Kimasai anachukua kioo cha mbali na kukipa kanuni zake, na dunia inakitambua kuwa chake.

Kinachonisumbua ni yanayotokea sasa. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970 shanga za kale zilianza kutoka Afrika kurudi Ulaya na Marekani kwa magunia, hasa kutoka Afrika Magharibi, zikabebwa na wafanyabiashara Waafrika waliozikusanya kijiji kwa kijiji. Afrika Mashariki nayo imetoa zake, kimyakimya. Mwenye kuziuza ana haki ya kuuza mali yake, na mara nyingi anauza kwa ada ya shule au dawa, siwezi kumlaumu. Ninachokilaumu ni kwamba zinaondoka bila neno lolote. Mnunuzi huzitenga kwa rangi na ukubwa, hutupa uzi wa zamani, huchanganya za Kigoma na za Mali katika kidani kimoja chenye kupendeza. Akishafanya hivyo, ushanga umebaki na uzuri wake, lakini haumwambii tena mtu yeyote kitu. Maabara itasema kioo ni cha Venice. Haitasema ulivaliwa na nani Uvinza.

Na wa uongo wamejaa. Shanga mpya hutiwa tindikali ili zipoteze mng'ao, huzikwa, hupakwa udongo. Mwenye jicho huangalia tundu: ushanga uliosuguana na wenzake kwenye uzi kwa miaka mingi huwa na midomo iliyolika, na ulikaji huo hauko sawa kila upande. Huangalia pia kama uso umeparara kote kwa mpigo mmoja, jambo ambalo ngozi ya mtu haifanyi. Huushika, kwani kioo ni kizito na baridi kuliko plastiki. Lakini hata jicho la miaka mingi hudanganyika, na dawa pekee ni kujua ulikotoka.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ya mwaka 1964, imeuweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa masalia ya kale. Ukiutazama mwaka huo kwa jicho la shanga, unakata njia ya misafara katikati: Burton yuko upande huu, Stanley na magunia yake 22 yuko upande ule, na kioo walichobeba kinaweza kuwa kilitoka tanuri moja. Hakuna ofisa wa forodha anayeweza kusimama na khete ya samesame mkononi akasema hii ni ya 1860 na hii ni ya 1871. Kwa hiyo tusiitegemee sheria peke yake. Kinachotakiwa ni kazi ya kuandika. Makumbusho zetu za Dar es Salaam, Nairobi na Unguja zinao wataalamu wanaojua kupiga picha ushanga, kupima tundu, kurekodi jina. Wapewe gari na miezi michache Kigoma, Tabora, Ujiji, Bagamoyo, Taveta, Lamu. Wasiende kuzichukua shanga. Waende kuziandika zikiwa shingoni na kiunoni mwa wenyewe, au ndani ya makasha ya bibi zao, pamoja na kila jina ambalo mwenye nazo analikumbuka. Majina hayo yanazeeka upesi kuliko kioo chenyewe.

Na vitabu vya darasani virekebishwe. Hakuna haja ya sura mpya. Inatosha kuitoa ile sentensi na kuweka mahali pake ukurasa mmoja juu ya Stanley akiwa dukani Unguja, jasho likimtoka, anauliza Wagogo wanapenda rangi gani. Mwanafunzi apewe orodha yake ya nchi na rangi, apewe watu 100 wa kulisha na miaka miwili ya safari, aambiwe: agiza. Halafu mwalimu asimame kama mama wa Ugogo mbele ya kapu la mtama, aukatae sungomaji.